Damu ya Namba Kumi na Moja

Jumanne, 3 Juni 2025

Data imefika! Siku tisa inashuka, mtandao ukikatika inaanza upya, nimetukana kampuni zote za simu nchi hii. Leo saa nne asubuhi imekamilika. Nimepiga kelele peke yangu ofisini hadi fundi cherehani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Baba mdogo Elius, ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, kila nikienda Kitandililo huniuliza hii kazi ya kukodolea kompyuta ni kazi gani. Pasaka nilimjibu kwa viazi. Zamani, nikamwambia, watafiti walipima damu kama mtu anayepima gunia zima. Siku hizi tunamwaga gunia chini, tunaangalia kiazi kimoja kimoja. Seli moja moja. Akafikiri, akavuta skafu yake ya kijani shingoni (mwaka huu haivui, anasema baridi imezidi), akauliza: na ukikuta kilichooza? Nikasema nakiandika. "Unaandika tu? Hutoi?" Nikacheka. Nikamwambia mimi si daktari wa wagonjwa, mimi ni wa kompyuta.

Haya. Watu arobaini na wawili. Wote waliuguza mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, wakalala naye chumba kimoja, wakala naye sahani moja, na wao hawakuugua. Tunataka kujua kinga zao zilifanya nini. Nyumba moja, mtu mmoja. Damu ilitolewa Aprili mwaka jana, ikasafiri, ikagandishwa, ikasomwa ng'ambo. Miezi kumi na minne! Mimi sina majina. Majina yako kwenye kabati la nesi Hamisa, Makambako, na ufunguo anatembea nao. Mimi nina namba, umri na jinsia.

Nimechora ramani ya kwanza. Kila nukta ni seli, zinazofanana zinakaa pamoja. Watu arobaini na mmoja, ramani zao zinafanana kama vijiji vya tarafa moja.

Namba 11 siyo. Mwanamke, miaka 49. Kijiji kimoja kimemeza vingine vyote.

Nimefunga laptopu nikaenda kunywa chai. Labda ni makosa ya mashine.


Jumatano, 4 Juni 2025

Siyo mashine. Nimerudia mara tatu.

Seli B, zile za kutengeneza silaha za kinga, kwa mtu wa kawaida ni kama kumi katika mia. Namba 11 anazo sitini na nane katika mia. Ingekuwa hilo tu ningesema ana homa. Lakini kila seli B huwa na alama yake, maana kila moja imejifunza adui wake. Za namba 11 zote zina alama ile ile. Zote mama mmoja. Hiyo siyo kinga tena. Seli moja iliasi, ikazaa, ikazaa, ikazaa.

Saratani ya damu, ile inayotembea polepole. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniuliza nimesomea wapi udaktari.

Nimempigia Dk. Rodrick, kiongozi wa mradi, yuko Dar. Amenisikiliza vizuri, simlaumu. Amesema hii ni data ya utafiti, siyo majibu ya hospitali. Nikamsomea ukurasa wa nne wa fomu tuliyowasainisha watu: tukiona jambo linalohitaji matibabu tutawajulisha. Akasema basi andika barua, iende kamati ya maadili.

Nimeandika kurasa mbili. Mwanamke wa miaka 49, yuko mahali fulani kati ya hapa Njombe na Makambako, anapalilia au anauza nyanya, hana hili wala lile. Na mimi ndiye ninayejua. Hata jina lake sijui.


Jumatatu, 9 Juni 2025

Kamati imepokea. Itakaa Alhamisi. Ukungu tangu asubuhi, nimevaa sweta mbili.


Alhamisi, 12 Juni 2025

Akidi haikutimia. Wiki ijayo.

Jamani!


Alhamisi, 19 Juni 2025

Wamekubali! Hamisa atampigia namba 11 aje apimwe damu upya, hospitali, na daktari wa kweli. Nimembembeleza Rodrick kwa simu nane na barua tano, nadhani amekubali ili ninyamaze. Sijali. Leo nimejiona mtu wa maana. Nimekula kuku.


Ijumaa, 27 Juni 2025

Namba 11 amepimwa. Mzima. Damu safi kabisa, chembe nyeupe za kawaida, daktari amemkagua shingo na makwapa, hana uvimbe wowote. Wamempa barua yenye muhuri: Mshiriki namba 11, hakuna tatizo lililoonekana.

Rodrick ameandika kwa upole kwamba haya hutokea, na kwamba nimefanya jambo sahihi. Upole wake umeniuma kuliko kama angenifokea.

Nifurahi. Mwanamke mzima! Nafurahi kweli. Lakini ile seli haipotei yenyewe. Miezi kumi na minne inaongezeka, haipungui. Niliona nini mimi?


Jumatatu, 30 Juni 2025

Nimejua niliona nini.

Kuna ukaguzi mmoja ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa. Mstari mmoja wa programu. Kuna jeni inayowaka kwa wanawake tu, na kuna jeni za kromosomu Y zinazowaka kwa wanaume tu. Unaangalia kama jinsia ya seli inalingana na jinsia ya fomu. Unafanya kwanza, kabla ya chochote. Mimi niliuweka mwisho. Nilikuwa na hamu ya kuona ramani.

Leo nimefika mwisho. Arobaini na mmoja wamelingana. Namba 11: jeni ya kike imezima. Za Y zimewaka zote, seli baada ya seli, elfu sita na mia nne.

Ile damu ni ya mwanamume.

Nimekaa. Sikulia, nilikaa tu. Kuna mwanamume ana saratani ya damu na damu yake ina jina la mwanamke. Na sisi tumemwita mwanamke, tumempima, tumempa muhuri. Mstari mmoja! Sekunde nne unachukua. Nimeupima leo kwa saa.


Jumanne, 1 Julai 2025

Rodrick anasema huenda chupa zilichanganywa maabara, hapa au ng'ambo. Nimelinganisha na wengine wote, haikubadilishana na ya mwenzake, ni ya mtu wa arobaini na tatu, asiye kwenye orodha yetu. Anasema basi tuiondoe. Sampuli isiyolingana jinsia hutolewa kwenye uchambuzi, ndiyo kanuni, hata mimi nimewafundisha wengine hivyo.

Nikauliza na huyo mtu je? Akasema, "Nelly, mtu gani?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli.

Nimeiondoa. Watu arobaini na mmoja, matokeo yamependeza zaidi. Nikaweka nakala ya namba 11 kwenye fleshi, nikaitia kwenye soksi. Sijui kwa nini kwenye soksi.


Jumapili, 6 Julai 2025

Niandike taratibu, nisiruke.

Nilikwenda Kitandililo jana kwa mapumziko. Leo ibada, kwaya, baba mdogo kwenye besi kama kawaida, ila nyimbo mbili za mwisho alikaa. Nilidhani magoti. Tukarudi nyumbani, mama mdogo Bertila akapika kuku na viazi, jirani yao Severini akaja na ulanzi wake, pombe ya mianzi, tukala.

Severini ndiye aliyeanza. Akamwita baba mdogo "Mama Brayson". Brayson ni mtoto wao wa kwanza, kwa hiyo Mama Brayson ni Bertila. Wote wakacheka, mimi sikuelewa. Baba mdogo naye akacheka mpaka akakohoa. Nikauliza kuna nini.

Mama mdogo akanieleza huku anapakua. Mwaka juzi alimuuguza bibi, mama mkwe wake, kifua kikuu, si nakumbuka? Nakumbuka. Basi baadaye watu wa utafiti wakaja wakamwandika, wakampa kadi yenye namba. Siku ya kutoa damu ikaangukia msibani. Dada yake alifariki Ludewa, yeye alikuwa huko anakaa matanga, hawezi kutoka. Na nesi alishasema gari la damu linakuja siku ile tu. Sasa baba mdogo akaona aibu, tumeshaahidi, nesi wa watu atafukuzwa. Akachukua kadi, akaenda akatoa yeye.

"Ni kama mbolea ya ruzuku," baba mdogo akasema. "Namba ni ya nyumba. Anakwenda mwenye nafasi."

Na nesi alikubali? Alikubali, wakasema, foleni ilikuwa ndefu. Severini akauliza tena kama Mama Brayson ameshaanza kuvaa kitenge. Wakacheka tena.

Kijiko kilikuwa mdomoni mwangu. Nilikihisi pale, baridi, sikukitoa.

Nikauliza kadi ilikuwa namba ngapi. Mama mdogo akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya plastiki iliyofungwa vizuri. Si kadi tu. Na barua yenye muhuri. Anaitunza pamoja na cheti cha ndoa. Namba 11.

Mwezi uliopita walinipigia, akasema, nikaenda nikapimwa, wakasema safi. Na baba mdogo akaongeza, kwa fahari kabisa, akigonga ile karatasi kwa kidole: "Damu yangu hiyo, Nelly. Imekwenda Ulaya imerudi, wamesema haina tatizo."

Naandika sasa nikiwa Njombe. Sikusema kitu pale. Nilisema naumwa tumbo nikaondoka mapema. Akanisindikiza mpaka barabarani, amefunga ile skafu. Alipoinama kuweka mfuko wangu kwenye bodaboda skafu ililegea, nikaona. Chini ya sikio, na chini yake tena. Kama kokwa za parachichi changa, zimepangana.

Ile barua mimi ndiye niliyeipigania. Simu nane. Kama nisingefanya kitu chochote kabisa, leo baba mdogo asingekuwa na karatasi ya kumwambia ni mzima.


Jumatatu, 7 Julai 2025

Nilikwenda Makambako kwa Hamisa. Sikupiga simu, niliingia tu. Kabla sijamaliza sentensi akafunga mlango.

Alikumbuka. Alisema hakukumbuka hadi mwezi uliopita Bertila alipoingia, akamwangalia, akajua huu mkono sijawahi kuuchoma. Hapo ndipo akakumbuka yule baba mwenye kadi. Siku ile walikuwa watu kumi na saba, gari linaondoka saa nne, na yule mzee alishakunja shati, anamwambia "nichome mwanangu usichelewe". Akachoma. Kwenye fomu akaweka mwanamke kwa kuwa kadi inasema mwanamke.

Na mwezi uliopita mbona hukusema? Akasema aliogopa. Ana watoto watatu, mume wake dereva wa lori hajarudi tangu Februari, mkataba wake unaisha Desemba. Barua ilipotoka safi, akasema alhamdulillahi, akajiambia Mungu amemfichia.

Nilikwenda pale nina hasira ya kupasua kabati. Nimeondoka nimemshika mkono. Ameniomba nisimtaje. Sikumwahidi na sikumkatalia. Mtu akilia mbele yangu mimi huwa sina maana.


Jumatano, 9 Julai 2025

Nimemwambia Rodrick kwamba nimemjua mwenye damu. Sikusema nimemjuaje. Nikaomba mradi umwandikie barua kama ile ya kwanza, yenye muhuri, lakini ya ukweli.

Haiwezekani. Huyo mtu hakusaini fomu. Hajawahi kuwa mshiriki. Kamati haiwezi kumjulisha majibu ya utafiti mtu ambaye hayumo kwenye utafiti. Nikisema nani alimtoa mtu damu bila ridhaa, mradi wote utasimama, na Hamisa kwaheri. Na mimi, akanikumbusha, nilisaini kiapo cha usiri: simtafuti mshiriki, nikimjua simwambii.

Nikamwambia lakini si umesema siyo mshiriki? Basi kiapo hakimhusu.

Akasema yeye hajasikia hiyo sentensi. Na kwamba mtu yeyote anaweza kumshauri ndugu yake akapime afya.

Ni baba yako? akauliza. Nikasema mdogo. Baba mdogo. Akasema pole.


Jumamosi, 12 Julai 2025

Nimemwambia.

Tulikuwa kwenye shamba lake la viazi, tumekaa juu ya magunia. Kwanza nilizunguka: umri huu ni vizuri kupima, hata maprofesa wanapima, hizo tezi shingoni. Akasema tezi ni baridi na jino. Nikazunguka tena. Akasema ameshapimwa. Nikasema nani alikupima? Akatoa jibu nililolijua: damu imekwenda, imerudi, karatasi ipo.

Basi nikasema yote. Kwamba ile karatasi ni ya mkono wa mama mdogo. Kwamba damu yake yeye niliiona mimi, kwenye kompyuta yangu, na ina kasoro kubwa. Nikataja na jina la ugonjwa.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa darasa la tatu nikamwambia nimeona simba nyuma ya kanisa.

"Wewe si umeniambia si daktari?"

Nikasema ndiyo, lakini.

"Aliyepiga muhuri ni daktari?"

Ndiyo.

"Nelly, mwanangu. Sasa nimsikilize nani?"

Nikamwambia twende hata kituo cha hapa karibu, kipimo kidogo tu, dakika kumi. Akasema baada ya kuvuna. Viazi vikikaa ardhini vitaoza, akasema, unajua mwenyewe. Kisha akanipa gunia nimsaidie kuchambua. Tukachambua mpaka saa kumi jioni. Alikuwa anapumzika kila baada ya debe, mkono kiunoni, anaangalia milima kana kwamba amesimama kwa kupenda.

Kila kiazi kibovu alikitupa pembeni bila hata kukitazama mara mbili. Mkono wake unajua.


Jumapili, 20 Julai 2025

Baba mdogo amekataa kupimwa. Nimepiga simu tatu.


Alhamisi, 24 Julai 2025

Ripoti ya mradi imekamilika. Rodrick anasema ni nzuri, kazi safi, watu wa ng'ambo wamefurahi. Kwenye jedwali kuna kijistari chini: sampuli moja iliondolewa kwa sababu za ubora.

Nimeiandika mwenyewe hiyo. Kwa Kiingereza inasikika vizuri zaidi.


Jumatatu, 28 Julai 2025

Nilifikiria kughushi. Nichukue barua ya mradi, nibadilishe, nipige muhuri wa duka la stationery pale sokoni. Nilifika hadi mlangoni. Muuzaji akaniuliza nahitaji nini, nikanunua kalamu.


Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mama mdogo amepiga mwenyewe. Anasema mto wa baba mdogo anauanika kila asubuhi, unalowa jasho, na baridi hii! Shati la kwaya limekuwa kubwa kwake. Jana hakwenda ibada. Miaka ishirini na sita kwenye besi, anasema, hajawahi kukosa ila siku ya kumzika bibi.

Aliuliza kwa sauti ndogo: ile uliyomwambia shambani, ni kweli? Nikasema ni kweli, mama.

Akasema, "Lakini si mimi nilipimwa?"

Nikaeleza upya. Mbili, tatu. Anasikia, anaitikia, kisha anarudi pale pale: lakini namba ni ile ile, lakini walisema nyumba moja mtu mmoja. Na kweli tulisema! Mimi mwenyewe niliitafsiri hiyo fomu. Ukurasa wa kwanza: "kila nyumba itawakilishwa na mtu mmoja". Nilijivuna siku ile, nikaona Kiswahili kimenyooka.


Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Wakulima wote sherehe, na baba mdogo ameanguka kwenye mlango wa choo. Hakuumia. Severini akamwinua, akasema ni mwepesi kama debe tupu. Severini hakutania, ndipo mama mdogo akaogopa.

Amekubali kwenda! Alipewa simu akaniambia mwenyewe, pumzi fupi fupi: basi nimekubali, usinisumbue tena. Ila siyo hapa. Kama ni kwenda, anaenda hospitali ya Ikonda, huko wanakokuja watu kutoka mbali, maana wakisema kitu Ikonda kimesemwa. Nikasema hata mbinguni nitakupeleka.

Nina rafiki wa sekondari, Judith, ni nesi huko. Ameniombea nafasi kwa daktari wa damu anayekuja mara moja kwa mwezi. Jumanne hii. Asipoonekana Jumanne ni hadi Septemba.

Mpango: wao wanapanda gari la alfajiri Makambako, mimi nawasubiri stendi Njombe, tunaunganisha Ikonda pamoja. Nimemwambia mama mdogo mara mbili. Jumanne. Alfajiri. Kitambulisho chake. Nguo nzito.

Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Juni.


Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimetoa ile fleshi kwenye soksi. Nimechapa ramani ya namba 11, ya rangi, na ukurasa mmoja wa maelezo. Daktari wa Ikonda nitamwonyesha, anaweza kunicheka, acheke. Kiapo changu nacho kikae pembeni kidogo.

Mama mdogo ametuma ujumbe: tumejiandaa, kesho Mungu akipenda. Akamalizia kwa salamu ya kwetu: kamwene mwanangu, ulale salama.


Jumanne, 12 Agosti 2025

Naandika hapa hapa stendi, kwenye benchi la mama wa chai. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Gari la Makambako limeingia saa mbili kasoro. Nilisimama mlangoni natafuta skafu ya kijani. Wakashuka wote. Wa mwisho akashuka mama mdogo, kitenge cha Jumapili, sweta, kikapu, ile bahasha ya plastiki kifuani. Nikaendelea kuangalia mlango nyuma yake. Kondakta akaufunga.

Nikauliza yuko wapi. Akasema ameamka hawezi. Amejaribu viatu, akafika kiatu kimoja, akarudi kitandani. Severini amekaa naye. Simu mbona hukupiga? Mtandao ulisumbua, na gari linaondoka, na wewe ulisema ikipita leo ni Septemba. Nafasi umeitafuta kwa shida, mwanangu, nikasema isipotee.

"Kwa hiyo nimekuja mimi."

Akafungua bahasha. Kitambulisho cha baba mdogo, kadi yake ya bima, picha yake ndogo akiwa na shingo nyembamba ya ujana. Nilidhani amekuja kuchukua dawa. Nilidhani amekuja kuniletea vitambulisho. Nilikuwa natafuta kila maana isipokuwa ile iliyokuwepo.

Nikamweleza. Naapa nimeeleza. Nimetumia viazi, nimetumia kadi ya kliniki, nimesema damu yako ni yako, yake ni yake, wakichoma wewe watasema safi kama walivyosema. Alinisikiliza kwa adabu yote, ameinamisha kichwa, anaitikia ee, ee. Kisha akanishika goti.

"Ile yangu alinitolea yeye, Nelly. Leo ni zamu yangu."

Na akakunja mkono wa sweta anionyeshe. Mshipa umetuna, mnyoofu, wa mwanamke aliyepiga jembe maisha yake yote. Anasema yeye hawamsumbui, wakichoma mara moja tu inatoka. Wa baba mdogo siku hizi umejificha, watamuumiza bure.

Nimempigia Judith, hapokei, yuko wodini. Nimempigia Severini. Amepokea. Nikasema mpe baba mdogo simu. Akasema amelala. Nikasema mwamshe. Nasikia kuku, nasikia mlango. Akarudi akasema, anafumbua macho, anafumba, nimwambieje? Mtandao ukakata.

Gari la Ikonda limewasha. Gari la kurudi Makambako liko upande wa pili, limebakiza siti mbili. Nikirudi, nitamfikia saa nne, nitamtoaje, kwa gari gani, hadi Ikonda itakuwa jioni na daktari ameondoka. Nikienda, nimekwenda kupima mtu mzima mara ya pili. Ramani yake iko kwenye mkoba wangu, nukta elfu sita na mia nne, kila moja ninaijua ilipo.

Kondakta ananiuliza dada, tunapanda au hatupandi. Mama wa chai anataka kikombe chake.

Mama mdogo ameshapanda la Ikonda. Kikapu amekiweka kwenye siti ya pembeni kunishikia nafasi. Ananipungia dirishani, anasema njoo mwanangu, tutachelewa, na mkono wa sweta bado ameukunja.